Siku ya Ming'oko

Nasahau mengi siku hizi, mwanangu. Nasahau nilipoweka miwani, nasahau kama nimeshakunywa dawa ya asubuhi, na wajukuu zangu wananicheka. Lakini naikumbuka siku ile Shangazi Perpetua alipoketi mkekani kwetu Mtoni, akawekewa sahani ya mizizi iliyochemshwa bila chumvi. Nakumbuka hata gauni lake, lilikuwa la maua ya zambarau. Kaa nikusimulie, kwa sababu nyie vijana mnapenda kusema kwamba Mungu yuko moyoni na hahitaji alama. Mie nimeishi na moyo wangu muda mrefu kuliko ulivyoishi na wako, na najua jinsi unavyosahau.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa kuposwa. Tuliishi kando ya barabara ya Kilwa, mimi, mama yangu na mjomba wangu Albano. Asili yetu ni kusini. Mama alinibeba mgongoni kutoka huko mwaka wa njaa, baba akiwa ameshafariki, akaja kuanza maisha upya hapo Mtoni. Kijana aliyenitaka aliitwa Klementi. Alikuwa karani, akiimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa letu, na soksi zake alizivuta mpaka magotini. Nilimpenda, sioni haya kusema. Lakini Klementi alilelewa na shangazi yake huko Kinondoni, na katika nyumba ile shangazi akisema hapana, basi ni hapana.

Sasa, nyumba yetu ilikuwa na siku yake. Kila mwaka, mwezi wa nane, siku ile mama aliyofika Mtoni ilipotimia, hatukupika wali wala ugali wala samaki. Tulikula ming'oko. Kama hukulelewa kusini huenda huijui. Ni mizizi ya mwituni, myembamba kama vidole, unaichemsha, unaiminya, ganda linatoka. Siku hizi watu wanaila kwa ndimu na pilipili, wanaona raha. Mama hakuweka hata chumvi, kwa kuwa njiani hakuwa na chumvi. Kila mwaka aliichimba mwenyewe vichakani, huko mbele ya Mbagala. Tukishaketi, hakuna aliyegusa chakula mpaka mdogo kuliko wote aulize, "Mbona leo tunakula hivi?" Ndipo mama asimulie, ndipo tusali, ndipo tule. Na mdogo kuliko wote nilikuwa mimi, mwaka nenda mwaka rudi, maana baada yangu hakuzaliwa mwingine.

Basi Shangazi Perpetua akatuma salamu kwamba atakuja na mshenga kutuona. Akataja siku, na ilikuwa siku ileile.

Mjomba ndiye aliyemwendea mama kwanza. "Dada, hii siku yetu tuisogeze mbele kidogo. Watu wa Kinondoni hawa. Ukiwawekea mizizi watasema tumewatukana."

"Sogeza kwanza siku uliyozaliwa," mama akamjibu, huku akiendelea kupepeta mchele.

Nikaona nijaribu mimi. Nikapiga magoti kabisa. "Mama, nakuomba. Tuwapikie wali wa nazi na kuku mmoja tu. Ming'oko tutakula sisi wenyewe wakishaondoka."

Mama akaweka ungo chini. Watu wengine wakikasirika hupandisha sauti, mama yangu aliishusha. "Filomena, siku Mungu alipotulisha hakungoja wageni waondoke. Unataka uolewe nyumba isiyojua umetoka wapi, halafu kila mwaka ujifiche jikoni ukimshukuru Mungu kama mwizi? Watakula wanachotukuta nacho. Wakitukataa kwa hilo, bora watukatae mapema."

Nikatoka nyuma ya nyumba nikalia sana. Nilimwona Klementi akiondoka maishani mwangu na soksi zake ndefu, kwa sababu ya mizizi. Jirani yetu Bi Mwanaisha akanikuta hapo. Yeye alikuwa mwenyeji wa Mtoni, Mwislamu, na ndiye aliyetupokea tulipofika. Kila mwaka alialikwa kwenye siku yetu.

"Futa machozi," akaniambia. "Mie nilimkuta mama yako amelala kibarazani kwangu, nikadhani maiti. Mtu aliyetoka hapo utamwambia nini? Mizizi yenu yenyewe mie hata siipendi, na kila mwaka naja naila."

Siku ikafika. Shangazi alikuja kwa teksi, na mtaa mzima ukatoka kuiangalia. Alikuwa mwanamke mrefu, ana mwavuli na mkoba mweusi, na alipoingia alitazama paa, akatazama sakafu, akanitazama mimi. "Shikamoo, shangazi," nikasema. "Marahaba," akajibu, bila kuongeza neno. Mshenga alikuwa mzee mpole aliyesifu kila kitu, hadi mlango wetu.

Tukaketi mkekani wote, na Bi Mwanaisha naye. Mama akaleta sahani, akazipanga, akakunja mikono. Kisha akanigeukia mimi.

Mwanangu, nilikijua nilichotakiwa kusema. Nilikuwa nimekisema tangu nilipojua kuongea. Lakini ulimi uligoma. Niliona kwamba nikiuliza, shangazi atajua kuwa haya si mapungufu ya siku moja, ni desturi, na kwamba binti anayetaka kumchukua alitoka vichakani akiwa hoi kwa njaa. Nikainamisha uso. Mjomba akakohoa. Mshenga akaanza kuyatazama makuti ya paa kwa bidii. Mama hakutikisika, na ilionekana wazi kwamba hata jua likizama ataendelea kungoja.

Shangazi Perpetua akaisukuma sahani yake kwa kidole kimoja.

"Mama Filomena," akasema, "sisi tumetoka Kinondoni kwa heshima. Mbona leo mnatulisha hivi?"

Bi Mwanaisha akaangua kicheko, akakiziba kwa ncha ya kanga. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini mama uso ulimkunjuka, akawa kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Ahsante, dada," akasema. "Tulikuwa tunangoja mtu aulize."

Akasimulia kama alivyosimulia kila mwaka, bila kupamba. Mvua ilikatika, mume akafa, akashika njia na kaka yake, na mtoto mgongoni. Chakula kikaisha wangali mbali. Maziwa yakakauka. "Mtoto akaacha kulia," mama akasema, "na mtoto akiacha kulia, wewe mwanamke mwenzangu unajua. Nikakaa chini. Nikamwambia Mungu, kama unamchukua huyu, nichukue mimi kwanza nisione." Ndipo alipotoka kichakani bibi mmoja, ameshika kijiti cha kuchimbia. Hakuuliza mnatoka wapi wala nyie kina nani. Alimvuta mama mkono, akamwonyesha mmea unaotambaa, akamwambia chimba hapa. Akachimba naye. Akachemsha ming'oko katika chungu chake, akaitafuna mwenyewe ikawa laini, akaanza kumlisha mtoto.

"Asubuhi alikuwa ameshakwenda zake. Sikumwuliza hata jina," mama akasema. "Nimewauliza watu wote wanaotoka njia ile, lakini utamtafutaje mtu usiyemjua jina? Kwa hiyo namshukuru aliyemtuma. Hiyo iliyo kwenye sahani yako, dada, ndiyo iliyomfikisha hapa binti unayekuja kumwomba."

Shangazi akaitazama tena sahani yake. Halafu akauliza, "Chumvi hakuna?"

"Leo hakuna."

"Haya." Akajivutia sahani. Hakujua kuiminya, ganda likamshinda, nami nikasogea nikamwonyesha. Alikula yote, na uso wake ulionyesha wazi kuwa haikumpendeza hata kidogo.

Alipokuwa akiaga, akasimama mlangoni na mwavuli wake, akamwambia mama maneno ambayo mpaka leo yananisisimua mwili. "Sisi nyumbani tuna saa ya ukutani, tuna makochi, tuna picha tulizopiga studio. Hatuna kitu hata kimoja cha kumwonyesha mtoto kwamba Mungu aliwahi kupita kwetu. Na alipita, mama Filomena. Mimi najua mama aliyemzaa Klementi alivyokufa, na mtoto akabaki. Mpe huyu binti ruhusa aje na siku yake."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa. Nilikwenda Kinondoni na masanduku mawili na mwezi wa nane wangu. Mwaka mmoja huko ming'oko ilikosekana kabisa, nikapanda basi kwenda kwa mama nikiwa nimefadhaika, nikidhani siku imeharibika. Mama akanishangaa. "Chemsha mihogo. Kwani Mungu amekaa ndani ya mzizi? Yeye hasahau. Alama tumeiweka kwa ajili yetu sisi, tunaosahau."

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, na nakuambia nikiwa na hakika. Ipo siku Mungu alikushika ukiwa unaanguka. Labda ni ajira iliyokuja ukiwa umekata tamaa, labda ni mtoto aliyepona hospitalini. Usiiache siku hiyo ikae kichwani peke yake, kichwa hakitunzi. Iwekee kitu cha kushikika, chakula, kitambaa, mti, hata kiti kimoja asichokalia mtu. Kiwe kitu cha ajabu kidogo, kitakachomkera mgeni na kumfanya mtoto aulize. Usikiabudu, na kikipotea usilie, tafuta kingine. Lakini usikifiche wageni wakija, hata wawe wakubwa namna gani, maana anayeionea haya neema aliyopewa ataisahau kabla hajazeeka. Na mtoto akikuuliza, usimwambie nyamaza ule. Acha chakula kipoe, umjibu.

Mungu akujaalie sahani zisizopungua na miaka mingi ya kulia humo. Akujaalie watoto wenye midomo mirefu, wasiochoka kukuuliza kwa nini, nawe siku zote uwe na la kuwaambia. Amina.