Nilimruka Anania wa Pili kwa Makusudi

Nina hatia, jamani. Jina langu nalificha kwa aibu, lakini la marehemu nitalitaja kwa sababu mimi ndiye niliyelichafua: Mzee Anania.

Mimi ni katekista wa kapela moja, kanisa dogo la kijiji, upande wa Kabambare. Mzee huyu ndiye baba yangu wa ubatizo. Ndiye aliyenifundisha kusoma, tumekaa mkekani mbele ya nyumba yake, kidole chake juu ya neno na changu kikifuata.

Mwaka jana alimpokea mwanaume mmoja aliyetoka msituni, upande wa Salamabila. Alikuwa mwasi aliyeacha silaha. Wote tulijua kundi lake ndilo lililochoma nyumba ya dada yangu. Nikamwendea mzee nikiwa nimewaka.

"Baba, ule mutu unamulaza mu nyumba yako?"

"Aliomba maji, nikamupa. Sasa iko ndugu," akajibu, akiendelea kumenya mihogo.

Ndugu! Nikaondoka bila kuaga.

Jumapili nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya tano: Anania na mkewe Safira, walioficha sehemu ya fedha, wakamdanganya Roho Mtakatifu, wakafa. Nikasoma polepole, macho yangu kwa mzee. Nikasema, "Hata hapa kwetu kuna Anania anayeficha kitu nyumbani." Watu wakaangua kicheko. Nami nikajiona shujaa!

Ole wangu! Tangu siku ile watoto walimfuata sokoni wakiimba, "Anania, Safira iko wapi?" Na mke wake tulishamzika! Wakubwa walisikia, hawakukemea. Mimi pia nilisikia, nikapita na baiskeli yangu kama kiziwi.

Mzee akaacha kuja kapelani. Mara tatu niliikaribia nyumba yake niombe msamaha, mara tatu nikageuza baiskeli. Nikajiambia, ngoja kwanza mvua ziishe. Mvua hazijaisha, homa ikamchukua. Aliyemuuguza mpaka mwisho ni yule yule mtu wa msituni.

Kwenye matanga mtu huyo akanifuata, Biblia ya mzee mkononi. Kumbe naye alikuwa amefundishwa kusoma.

"Mwalimu, mu Biblia iko Anania mumoja tu?"

Nikainamisha macho kwenye ile Biblia.

"Mzee alinisomea mwingine, wa Dameski. Bwana alimutuma kwa Sauli, mutu mwenye alikuwa anatesa Wakristo. Aliogopa, lakini akaenda, akamuwekea mikono, akamuita ndugu. Mzee alisema baba yake alimupa jina la huyo."

"Na mahubiri yangu? Alisema nini?"

"Mimi nilikasirika sana. Yeye alisema: mwanangu alisahau tu yule wa pili. Siku moja atakumbuka."

Sikusahau, jamani! Mzee mwenyewe ndiye aliyenionyesha sura ya tisa ya kitabu kile kile nikiwa bado nasoma kwa kudokoa herufi. Nilimruka Anania yule kwa makusudi, kwa sababu ningemtaja tu, ningelazimika kumpa mkono adui yangu.

Mtu huyo wa Dameski hatumtaji sana. Hatuna barua yake, hatujui alikufa wapi. Tunachojua ni kwamba aliingia nyumba aliyoiogopa, akasema "Ndugu Sauli", na macho ya Sauli, aliyekuwa amepofuka, yakafunguka. Imani yake yote naiona katika neno hilo moja. Mimi nilikuwa na mtu wa namna hiyo, aliyenilea, nikamgeuza kichekesho!

Nimekwisha kulisema hili mbele ya kapela nzima. Nililia mpaka mama mmoja akanishika bega. Watoto wameacha ule wimbo. Lakini mzee hakusikia, na kiti chake hakuna anayekikalia.

Ninyi mnaosimama mbele ya watu na Kitabu mkononi, ogopeni! Mtu unayempiga kwa Neno la Mungu anaweza kuingia kaburini akikutetea. Basi utamwomba nani msamaha?