Uso Uliovuka Mpaka

Mwanangu, hili baka la shavuni umeniuliza tangu ukiwa mdogo, nami nakukwepa kila mara. Asubuhi nimeona kopo la krimu kwenye begi lako. Kwa hiyo keti, leo nakueleza.

Nilikuwa msichana hapa hapa Makere, miaka ile ya tisini Wakongo walipoanza kujaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kijana mmoja wa kwao, fundi seremala, alinipenda, nami nikampenda mpaka nikawa nasahau chumvi kwenye maharage. Akamleta shangazi yake, Mama Feza, aje anione. Mama yule alikuwa mnene, mweupe wa kujipaka, kitenge kinang'aa. Akanizunguka kama anachagua mbuzi mnadani.

"Mutoto njo mweusi hivi?" akasema, akitoa kopo la krimu mkobani. "Si mubaya. Apake hii mafuta, wiki tatu atakuwa mwanamuke muzuri. Ndipo tutakuja na wazee."

Alipoondoka, bibi yangu, mzaliwa wa Burundi, akasonya. "Naye huyo anajua uzuri? Ufizi mwekundu, meno yamebanana hata pumzi haipiti!" Kwa bibi, mrembo ni ufizi mweusi na mwanya, na mimi nilikuwa navyo vyote viwili. Nikacheka, lakini nikapaka. Niliogopa kumkosa yule kijana.

Jamani, ujinga! Wiki ya pili tukawa tunapika mawese. Nikainamia pipa linachemka, mvuke wote usoni, na krimu imeshailainisha ngozi. Shavu likawaka moto, kesho yake likachubuka.

Bibi alinipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi, mkono mwepesi, mdomo mkali. "Nilikimbia vita nikaacha nyumba, ng'ombe, kila kitu. Uso wa mama yangu nilivuka nao mpaka, ndio huo ulio nao. Leo unaufuta kwa ajili ya nani?"

Kopo nikaliacha.

Mama Feza na wazee walipofika kuposa, nilitoka bila kujifunika. "Sura yangu ndiyo hii," nikasema. "Anayenitaka anichukue hivi. Asiyenitaka, njia ya kambini anaijua."

Mama Feza akashika mdomo. Nikamtazama kijana wangu. Akatazama viatu vyake, hakusema neno. Wakaondoka hata ugali haujaiva.

Nililia wiki nzima, sitakudanganya. Lakini sikumfuata. Baba yako alikuja baadaye, na cha kwanza alichosifia ni huu mwanya.

Sasa nisikilize. Mkongo ana jicho lake, Mrundi ana lake, na huyo mchumba wako wa Dar anayekutumia picha za wasichana weupe ana lake pia. Ukitaka kuwaridhisha wote utabaki huna ngozi. Sikwambii uwachukie, Mama Feza alikuja kuwa mteja wangu wa mawese, tukicheka sana. Ninachokataa ni wewe kujichubua ili mtu akukubali. Kama kijana anakutaka, akutaje mbele ya shangazi zake na rangi yako hiyo hiyo, kwa sauti.

Kopo lako nimelitupa chooni, usihangaike kulitafuta. Nuna ukitaka. Mungu akulinde, mwanangu, akupe mume mwenye ulimi wa kukutetea, na huo uso uliovuka mpaka akujalie uzeeke nao.