Nthiwa na Katiba ya Kabati

Nthiwa wa mtaa wa Jamhuri alikuwa fundi wa printa mjini, lakini moyo wake ulikuwa kwenye Kabati, programu ya maktaba za shule aliyoiandika kila wikendi kwa miaka minne na kuigawa bure. Waceke alijitolea kutafsiri maneno ya kwenye skrini. Waithaka alichagua rangi. Waliishi kwa amani hadi mwaka 2007, wakili Ekta, rafiki yao wa Spring Valley, alipouliza: hivi hakimiliki ni ya nani?

Hakuna aliyejua. Kumbe kila mmoja alimiliki kipande alichoandika, na shule hazikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza lolote. Ekta akawashauri waunde chama, kila mtu akihamishie haki yake, na katiba yake waisome vizuri kabla ya kutia sahihi.

Nani asome? Waceke alikuwa na katiba tayari, ya chama cha mazishi cha mjomba wake, ambayo haijawahi kuleta shida. Akafuta "marehemu", akaandika "programu". Kifungu cha rambirambi kikasahaulika humo humo. Wakaitia sahihi hotelini kwa chai na mandazi, pamoja na hati za kukihamishia chama haki zao. Waithaka akawa mwenyekiti, na wiki hiyo hiyo muhuri ukachongwa.

Chama kikanoga. Vikao vya Jumamosi vilijadili rangi ya letahedi, karatasi ya barua za chama, mwezi mzima. Nthiwa, ambaye Jumamosi ndiyo siku yake ya kuiandika Kabati, alikosa vitatu. Barua ikamfikia: kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, anayekosa vikao vitatu bila udhuru wa maandishi si mwanachama tena, na alichochanga hakirudishwi.

Alicheka. Kisha Kabati ikaanza kupoteza majina ya wanafunzi walioazima vitabu. Akarekebisha kasoro, akawatumia wenzake. Waithaka akampigia simu.

"Niaje, Nthiwa. Kazi safi, lakini hatuwezi pokea. Wewe si member."

"Si ni mimi niliandika hiyo kitu yote?"

"Tunajua, bro. Ndiyo maana uki-apply tena, interview itakuwa rahisi."

Iliuma. Iliuma kweli, kuona kazi ya mikono yake ikiharibika na yeye amefungiwa nje. Ndipo akaisoma upya leseni ya Kabati, aliyoichagua mwenyewe tangu mwanzo: mtu yeyote anaweza kuichukua programu, kuibadilisha na kuigawa, mradi asifute jina la mwenye hakimiliki. Yeyote, hata aliyefukuzwa.

Akaichukua kama mgeni, akairekebisha, akaipa jina jipya, akazipelekea shule. Baada ya siku mbili Mwalimu Ngina wa shule moja ya Kangemi akampigia kwa furaha. Hakuna jina linalopotea tena, na sasa anataka kuandika barua ya shukrani kwa wenyewe, ambao ameona wametajwa chini ya skrini.

"Hawa watu wa Chama cha Kabati Mungu awabariki. Wewe ndiye unawasambazia?"

"Ndiyo, mwalimu," akasema Nthiwa, akamsomea anwani yao.