Magadi ya Mama na Mafuta ya Kanada

Nilimwonea wivu mwanafunzi mwenzangu kwa mambo mawili: viatu, na Kiswahili chake kisicho na mawe. Baba yake ana duka Mbalizi, asili yao pwani. Sisi wa milimani bado tunasema "kitabu yangu". Mwaka jana akaongeza la tatu. Lori la kwenda Iringa lilikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja tu, akaieleze shule ya huko namna Wakanada wanavyotoa mafuta kwenye mchanga. Akachaguliwa yeye. Mimi mwisho wangu wa dunia ni Uyole.

Kwanza ilibidi ajaribu mbele yetu. Tulichanganya mchanga wa mtoni na lami ya watengeneza barabara, tukautia kwenye sufuria niliyoiazima kwa mama bila mama kujua.

"Kule wanatumia maji ya moto na dawa inayofanana na magadi," alisema mwalimu. "Mafuta yanauachia mchanga, yanaelea."

Magadi nilitumwa mimi. Nikampa mwenzangu chumvi iliyosagwa, magadi yenyewe yakabaki mfukoni.

Mzigo mzima wa kuni uliteketea. Maji yakatokota, mchanga ukakaa chini, mweusi vilevile.

"Ndugu msafiri," nikauliza kwa upole, "hayo mafuta yametangulia Iringa?"

Darasa likacheka. Yeye akatazama majivu, wala hakubabaika.

"Bwana Mwalimu, nadhani hata Wakanada wanakwama hapahapa. Kama kuni zinakwenda nyingi kuliko mafuta yanayopatikana, heri yabaki mchangani."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeokota ng'ombe. "Hayohayo kayaseme Iringa."

Jumamosi lori likaondoka naye, viatu vimepakwa rangi. Mimi nilikuwa uani na sufuria.

"Gwe," mama aliniambia, "utaisugua mpaka nione uso wangu humo."

Nilisugua kwa majani, kwa jivu, kwa kucha. Lami na mchanga wake havikubanduka. Mwishowe nikachemsha maji, nikayatia yale magadi ya mfukoni, nikakoroga kwa hasira. Povu jeusi likapanda, likaelea. Chini mchanga ukabaki mweupe kama wa mtoni.

Nikageuka nimwite mtu aone. Alikuwapo mama tu.

"Kumbe na magadi yangu ni wewe," akasema. "Haya, suuza."

Saa hizo mwenzangu lazima alikuwa njiani, anakula nyanya za barabarani, anawaeleza abiria kwa Kiswahili safi kwamba jambo lile haliwezekani.