Zamu ya Ilda

Tangu wamzike mumewe Eduardo, Elsa alikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikula akiambiwa ale. Uenyekiti wa jumuiya ya kanisa pale Rahaleo hakuuacha, maana hata kuuacha kulitaka nguvu. Kila Jumamosi alfajiri alitia msalaba na mshumaa kwenye kapu, akaenda kusalisha nyumba yenye zamu.

Nyumba ya Ilda ilirukwa siku zote. Ilda aliishi na Suleimani, muuza samaki wa Mikindani, bila ndoa ya kanisani.

"Mama mwenyekiti," Ilda alimwambia, "kwa majirani nasali, kwangu mnapita kama mnapita kaburini. Njooni mara moja tu."

Elsa akalitangaza ombi hilo kwa wanajumuiya.

"Tukaimbe kwa Suleimani?" Filipo akauliza. "Si atatuadhinia?"

"Na kitanda chenyewe hakina cheti," Odete akaongeza. Watu wakacheka.

Elsa hakucheka, wala hakukasirika. "Jumamosi zamu ni ya Ilda," akasema.

Jumamosi alikwenda peke yake. Suleimani alikuwa ametandika mikeka ya kuazima mpaka mlangoni.

"Karibu, mama. Mimi nitakaa barazani, msione tabu."

Ndani, vikombe vilipangwa, na beseni la maandazi lilifunikwa kitambaa. Wakasubiri. Mshumaa ukateketea nusu.

"Hawaji," Ilda akasema. "Wao ni watu gani, mama?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Elsa: wanafiki. Lilikuwa na joto. Tangu msiba hakuwa amehisi joto lolote, na hili lilimtisha kwa utamu wake. Mtu angeweza kuishi kwa joto hilo.

Akalimeza.

"Odete alilala sakafuni kwangu matanga yote," akasema. "Filipo alichimba kaburi la Eduardo, mvua inamnyeshea. Tusali, mwanangu."

Wakasali. Elsa aliwataja wasiokuja, mmoja mmoja kwa jina, kama anavyowataja wagonjwa. Ganzi ilikuwa imerudi. Hakusikia kitu, akaendelea.

Walipomaliza, Ilda alilitazama beseni. "Haya yote nani atayala?"

"Yafunge."

Elsa akayapanga kapuni, juu ya msalaba, akatoka. Kwa Odete mlango ulikuwa umerudishwa.

"Hodi," akasema. "Nimekuletea chai ya jumuiya."

Ndani, ndala zikaburutwa sakafuni, taratibu, zikija.