Mtaalamu wa damu aliyekalia kivuli changu

Leo nimeambiwa jua haliniwezi, kwa sababu damu yangu ni kundi O.

Mtaalamu mwenyewe ni Kazungu, muuza madafu hapa Watamu. Mimi nina ualbino na kibanda cha kofia. Yeye ana maoni.

Alikuja akakalia kiti changu, chini ya mwavuli wangu, miguu juu ya stuli yangu.

"Dada Sidi, mafuta na makofia yote hayo ya nini? Saratani ya ngozi hutazama damu. Wewe O umesalimika. Na mimi mweusi hivi, itanipatia wapi?"

Dakika ishirini na tano za hotuba. Ishirini na mbili nilisimama juani. (Tatu lilipita wingu.)

Sikuwa na pa kutazama, nikatazama nyayo zake. Ule wa kushoto una doa jeusi, kubwa kama kitufe cha koti, kingo zimepinda.

"Hilo la tangu lini?"

"Kitambo. Lilikuwa kama punje ya mtama."

"Kwa hiyo linakua."

Akashusha miguu.

Miaka kumi na moja nahudhuria kliniki ya ngozi Kilifi. Hukaguliwa utosi hadi vidole. Kundi la damu sijaulizwa hata mara moja. Lakini niliambiwa ngozi nyeusi nayo hupata saratani, na mara nyingi ni huko chini kwenye unyayo.

Nikamwambia hivyo. Akauliza kwa sauti ndogo: "Kliniki yako ni lini?"

Jumatano tunakwenda wote. Kiti changu nimekichukua tena.

Na nyinyi wenye damu za kinga, nani ametazama nyayo zake leo?