Sijambo ya Mamangu

Bima ililipa mguu wa mamangu ukatwe bila kuuliza swali hata moja. Karatasi zilitoka hospitali asubuhi, jibu likaja mchana. Sukari ilikuwa imeshakula vidole, ikapanda kifundoni, na daktari akasema tukate chini ya goti kabla haijafika mbali. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na bima ya kazini inawabeba wazazi, kwa hiyo siku ile nilijiona mtoto wa maana.

Kidonda kilipopona, daktari huyohuyo akaandika kwamba mamangu anahitaji mguu wa bandia. Hapo maswali yote yaliyokuwa yamelala yakaamka. Barua ya watu wa bima ilisema kifaa hicho kimo katika fungu la mapambo. Niliisoma mara tatu. Pambo! Mamangu ana bangili zake na vipuli vyake, hajaniomba mguu wa kuendea harusini. Anataka kushuka ngazi.

Ngazi zetu, kama za nyumba nyingi za Mji wa Kale, ni nyembamba na zimesimama wima. Mamangu yuko juu tangu alipobebwa kurudishwa kutoka hospitali. Dadake anakaa kichochoro cha pili, naye ana ugonjwa wa moyo, hawezi kupanda. Hawajaonana tangu hapo, wamekuwa watu wa simu. Kila baada ya alasiri namsikia.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"U mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Kisha mmoja anauliza tena, "Lakini hasa, waonaje?" Ndipo yanapomwagika yote: mgongo, usingizi, na ule mguu usiokuwepo unaomwasha.

Niliandika kupinga. Barua niliipeleka kwa mkono wangu, nikarudi tena na tena kukaa kwenye benchi la ofisi yao, mpaka bawabu akawa ananisalimu kama mfanyakazi mwenzake. Mwishowe walikubali kumtuma mkaguzi aje amwone mgonjwa kwa macho yake.

Siku hiyo niliomba ruhusa kazini, lakini mkaguzi alinitangulia. Nilipofika nilimkuta anamalizia kahawa. Mamangu alikuwa amejiburuta kwa makalio kutoka kitandani hadi kitini, maana mgeni kwetu hapokewi kitandani. Alikuwa amejitanda leso mpya, nyingine ameitandaza magotini mpaka chini, pengo lisionekane. Halua ilikuwa mezani. Mkaguzi, mtu wa bara mwenye adabu zake, alikuwa amemuuliza hali yake, naye akamjibu, "Njema mwanangu, alhamdulillahi. Sina neno."

Akaandika hivyo hivyo. Nakala ya ripoti ninayo: mteja amekutwa ameketi, nadhifu, mchangamfu, na mwenyewe amesema hana neno.

Nilimkasirikia mamangu, na hasira ile inanitia haya mpaka leo.

"Mama, mbona hukumwambia?"

"N'mwambie mgeni shida zangu, hata kahawa hajaimaliza?"

Ilibaki rufaa moja tu, na hiyo ilikuwa ya simu. Wangempigia yeye mwenyewe, si mimi, na maneno yake yangerekodiwa. Wiki nzima nilimfunza. Sema, siwezi kushuka. Sema, siwezi kwenda chooni bila kushikwa. Hilo la choo lilimchoma, nikaliona likimchoma, na bado nikamshurutisha alirudie. Alirudia kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura ya Kurani, macho ameyafumba, mpaka akawa hakosei.

Simu ililia mapema asubuhi. Nikaiweka sauti ya juu, nikampa aishike. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti nzuri tu, siwezi kumsingizia.

"Hujambo mama? Unaendeleaje?"

Mamangu akaivuta leso kichwani, akajiweka sawa.

"Sijambo mwanangu, alhamdulillahi, naendelea vyema. Nawe hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Tumefurahi kusikia hivyo. Basi ni hayo tu, asante kwa muda wako."

Nilinyoosha mkono kuinyakua, lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Nikapiga tena ile nambari, ikanijibu mashine. Nikapiga tena. Nilijua pale pale kwamba yamekwisha, kwamba hakuna benchi jingine la kukalia wala barua nyingine ya kuandika, na kwamba mamangu atatoka nyumba ile kwa kubebwa, awe hai au asiwe hai.

Nikageuka na maneno mabaya mdomoni. Yeye alikuwa bado anauangalia mkono wangu wenye simu, midomo inamchezacheza na yale niliyomfunza, yote yako tayari, hata lile la choo.

"Mbona amekata?" akaniuliza. "Nalikuwa namngoja aniulize mara ya pili."